Kutoka mpasho hadi kiki: Historia fupi ya kubahatisha mapenzi ya wasanii

Ukitoka Ukunda kwa barabara kuu iendayo Lunga Lunga, hutakwenda sana kabla ya kufika Mwabungo. Upande wa bara ni minazi, miembe na mashamba ya mihogo. Upande wa bahari, mwendo mfupi tu, ni ufuo wa Galu na hoteli zinazopanda hadi Diani. Watu mashuhuri wa Nairobi na wa Dar es Salaam hupenda kuja huku kupumzika, na wapumzikapo hupigwa picha wawili wawili, mkono kwa mkono, jua likichomoza nyuma yao. Picha hizo huingia katika simu za vijana wa Mwabungo kabla wenyewe hawajalipa bili ya hoteli. Na swali linalofuata barazani ni lile lile kila msimu: haya ni mapenzi au ni kiki?

Katika makala haya sina haja ya kujua nani anampenda nani. Ninalotaka kuliangalia ni swali lenyewe: limetoka wapi, na limeifanyia nini lugha yetu ya uchumba na ndoa.

Tuanze na neno. Kiki ni tendo au habari iliyotengenezwa makusudi ili mtu azungumziwe, hasa anapokaribia kutoa wimbo, filamu au bidhaa. Mtu 'hutafuta kiki', 'huachia kiki', na asipofanikiwa huambiwa 'kiki imebuma'. Neno lilishika kwanza katika lugha ya wasanii na wanahabari wa Dar es Salaam, kisha likavuka mpaka. Wapo wanaoliandika kwa tahajia ya Kiingereza, na hilo laonyesha kwamba wanalihusisha na teke. Ajabu yake ni ya kisarufi. Ingawa linaanza kwa ki-, hakuna Mswahili anayesema 'viki'. Tunasema 'kiki hii', 'kiki zake', yaani limeketi katika ngeli ya I-ZI pamoja na habari, hadithi na njama. Wazungumzaji hawakuambiwa na mtu walipange hapo. Walilisikia kuwa jirani ya habari wakaliweka na jirani zake.

Na kabla ya kiki kuja, Kiswahili kilikwisha kuwa na ngazi nzima ya maneno ya habari zisizo na hakika. Fununu ni harufu tu, jambo lililosikika kwa mbali. Tetesi imeanza kupata miguu. Uvumi umeshaenea, kila mtu anao na hakuna aliyeuanzisha. Uzushi ni uongo uliotungwa. Ukitaka kumtaja mtendaji, kuna mmbeya na mdaku, na hawa wawili si sawa: mmbeya hupeleka maneno, mdaku huyachungulia. Miaka ya karibuni Watanzania wameongeza ubuyu. Neno hili halihitaji ufafanuzi kwa mtu wa Kwale, kwa maana mabuyu ya rangi nyekundu yenye sukari na pilipili yanauzwa kila duka, na mibuyu yenyewe imesimama mashambani. Ubuyu humumunywi kwa siku moja. Unautia mdomoni, unageuza, unageuza, hadi ibaki kokwa.

Tazama basi tofauti. Fununu, tetesi, uvumi, umbeya, hata ubuyu, yote ni maneno yanayomhusu msikilizaji na msambazaji. Anayesemwa hayumo; yeye ndiye anayefanyiwa. Kiki ndilo neno la kwanza katika ukoo huu linalomhesabu anayesemwa kuwa ndiye mtengenezaji. Badiliko hilo halikuja usiku mmoja.

Mapenzi ya watu mashuhuri yalianza kujadiliwa pwani kwa mkupuo mkubwa zama za picha za Kihindi. Miaka ya 1950, watu waliojazana katika majumba ya sinema kama Majestic na Empire kule Unguja, na wale wa kusini waliovuka kivuko cha Likoni kwenda kutazama picha Mombasa, walimjua Raj Kapoor na Nargis kama wanavyowajua majirani. Filamu ya Awaara ilitoka mwaka 1951 na nyimbo zake zikaingia masikioni mwa watu wasiojua Kihindi. Kwamba Raj Kapoor alikuwa na mke nyumbani, na kwamba mapenzi yake na Nargis hayakuishia kwenye kioo, lilikuwa jambo la kujadiliwa kwa kahawa. Nembo ya kampuni yake, RK Films, ilitokana na mkao wao wawili katika filamu ya Barsaat ya 1949: mwanamke mkono mmoja, fidla mkono wa pili. Yaani mapenzi yaliyokuwa yakinong'onwa yaligeuzwa alama ya biashara. Kisha mwaka 1958 Nargis akaolewa na Sunil Dutt, kijana aliyekuwa amecheza mwanawe katika Mother India mwaka mmoja kabla. Stelingi amekuwa mtoto, mtoto amekuwa mume! Kwa watazamaji wa pwani, waliozoea kuwaita waigizaji kwa nafasi walizocheza, hilo lilikuwa ubuyu wa mwaka mzima.

Hollywood nako, wakati huo huo, kampuni za filamu zilikuwa zimejifanya washenga. Mei 1950 Elizabeth Taylor aliolewa na Conrad Hilton Mdogo, na gauni la harusi lilitolewa na kampuni yake ya filamu, MGM. Mwezi uliofuata MGM ikaachia filamu ambamo Taylor ni bibi harusi. Sisemi ndoa ile ilikuwa ya uongo. Nasema tu kwamba mwenye kulipia gauni alikuwa na tiketi za kuuza.

Pwani yetu, hata hivyo, ilikuwa na shule yake ya kubahatisha ambayo haikuletwa na meli wala filamu. Ni shule ya fumbo. Leso zilianza kuchapishwa maneno ya Kiswahili mapema katika karne ya 20, kazi inayohusishwa sana na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lile la 'Mali ya Abdulla' lililoanzishwa mwaka 1887. Mwanamke alijifunga leso, akapita. Hakutaja jina. Aliyekusudiwa alijijua, na waliobaki walibahatisha. Wadigo nao wana ngoma yao mashuhuri iitwayo sengenya. Sidai kwamba jina hilo na kitenzi 'kusengenya' ni ndugu wa damu, ila sikio la Mswahili halikosi kutabasamu likiyasikia pamoja.

Taarabu ikalichukua fumbo la leso ikalipandisha jukwaani. Miaka ya 1990, Dar es Salaam ilikuwa na vikundi viwili vilivyochuana: TOT, kikundi cha Kapteni John Komba kilichofungamana na CCM, na Muungano Cultural Troupe. Upande wa TOT alisimama Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Unguja. Upande wa Muungano alisimama Nasma Khamis, maarufu kwa jina la Kidogo. Kila mmoja alipoimba, ukumbi ulijaa watu waliokuja kusikia mwenzake anajibiwa vipi. Mipasho hiyo ilivuka mpaka kwa kanda na redio. Kusini mwa Kwale, ambako Wadigo wana ndugu Tanga, haikuwa muziki wa kigeni hata kidogo. Harusini ilipigwa hadi kanda zikakatika.

Je, wawili hao walikuwa na uhasama wa kweli? Hapo ndipo mfano wetu ulipo. Wenye vikundi walijua kwamba ugomvi unajaza ukumbi. Kwa maana hiyo, kuwaweka watu wawili bega kwa bega ili wazungumziwe hakukuanza na wapenzi wa Instagram. Kulianza na mahasimu wa taarabu. Lakini hadhira ya mpasho haikujisumbua sana na swali la ukweli. Swali lake lilikuwa: anaimbiwa nani? Na hata mwimbaji hakuwa na amri ya jibu. Mama aliyekaa nyuma aliweza kuinuka wakati ubeti unamfaa, akaenda kutunza kwa noti, akapita taratibu mbele ya mke mwenzake. Wimbo wa Kopa ukawa wake kwa dakika hiyo. Kila mtu ukumbini alielewa, na hakuna aliyeweza kushtakiwa.

Sasa tuje kwenye enzi ya magazeti pendwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, magazeti ya Dar es Salaam kama Ijumaa, Uwazi, Risasi na Amani, yaliyotolewa na Global Publishers, yalifanya udaku kuwa kazi ya mshahara. Bongo Movie ilipopamba moto, watazamaji walimwona Wema Sepetu, Miss Tanzania wa 2006, akiigiza na Steven Kanumba, kisha wakasoma gazetini kwamba ni wapenzi nje ya filamu pia. Mipaka ikafifia. Baada ya magazeti ikaja televisheni, na kipindi cha Clouds kikajiita bila haya Shilawadu, yaani Shirikisho la Wambea Duniani. Neno lililokuwa tusi likawa kadi ya uanachama.

Wema alipokuwa na Diamond Platnumz, mashabiki walijigawa timu. Alipokuja Zari Hassan, mfanyabiashara wa Uganda anayeishi Afrika Kusini, timu zikaongezeka: Timu Wema, Timu Zari, baadaye Timu Mobetto. Lugha ya timu ilitoka uwanjani na ikaleta adabu za uwanjani; watu waliwatukana wanawake ambao hawajawahi kuwaona, kwa niaba ya wanawake wengine ambao pia hawajawahi kuwaona. Ukiuliza kwa nini hakukuwa na timu ya mwanamume, jibu ni kwamba yeye ndiye alikuwa kombe.

Hapa kuna jambo la sarufi ambalo naomba tulikalie kidogo. Katika Kiswahili cha pwani, talaka ina kitenzi chenye upande. Mume huacha, mke huachwa. Hata mke akidai khului, mtaani watasema 'ameachwa'. Mtindo huo umehamia kwa wapenzi ambao hawakufungishwa ndoa na yeyote: fulani amemwacha fulani, fulani kaachwa. Niliwahi kumsikia kijana akimpasha habari shangazi yake, mama wa makamo.

"Shangazi, wale wameachana!"

"Wameachana nini, mwanangu? Kwani nani aliwaoza?"

Shangazi yule alikuwa anatetea maana ya neno, na alikuwa na haki. Lakini Februari 14, 2018, Siku ya Wapendanao, Zari alifanya jambo ambalo kitenzi hakikulizoea. Aliweka picha ya waridi jeusi mtandaoni akatangaza mwenyewe kwamba amekatiza uhusiano wake na Diamond. Hakuachwa, aliacha. Mwanamke alijiweka kuwa kiima cha sentensi mbele ya mamilioni. Halafu, miezi michache baadaye, ikatoka video ya Iyena ya Diamond na Rayvanny, na ndani yake Zari yumo katika shela, bibi harusi wa Diamond. Harusi ilionekana baada ya kuachana! Waliokuwa tayari wameamini sasa wakaanza kujiuliza upya. Kuna ukweli upi, wa waridi au wa shela?

Tangu hapo hadhira haikupona shaka. Diamond alitangaza kwamba angemuoa Tanasha Donna, mtangazaji wa redio wa Kenya, Februari 14, 2019. Siku ikaja ikapita bila nikaha. Februari mwaka uliofuata wawili hao wakatoa wimbo uitwao Gere, neno tamu la Kiswahili lenye maana ya kijicho, kuona uchungu kwa neema ya mwenzio. Jina lenyewe ni mpasho: wenye gere ni sisi tunaotazama. Haukupita muda mrefu, wakatengana. Mwaka 2022 Harmonize naye alimwomba radhi Frida Kajala kwa mabango ya barabarani jijini Dar es Salaam, kana kwamba toba ni soda mpya. Wakarudiana, wakavishana pete, na mwaka haukuisha kabla hawajatengana tena.

Kenya hatukubaki nyuma. Mwaka 2020 mchekeshaji Eric Omondi alianzisha kipindi cha Wife Material, wanawake wakishindania kuwa mke wake. Machi 2021, alipokuwa kwenye msimu wa pili, alikamatwa kufuatia malalamiko ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Bodi haikushughulika na kama angeoa kweli au la. Sheria ilihusu filamu na leseni. Na Januari 2022 Vera Sidika aliwatangazia watu kwamba amefanyiwa upasuaji kwa sababu za kiafya. Watu walimhurumia, wengine wakamwombea. Ikabainika ni maandalizi ya wimbo wake mpya. Hii ya Vera haikuwa habari ya wapenzi, lakini naitaja kwa sababu ilichota kutoka kwenye akiba ile ile, yaani imani ya watu kwamba mtu akisema 'naumwa' au 'nimeachika', anaumwa na ameachika.

Sasa mzunguko wa historia unafika mahali pa ajabu. Aprili 2020 lebo ya Diamond, WCB Wasafi, ilimtambulisha msanii mpya wa Unguja, Zuchu. Jina lake ni Zuhura Othman Soud, na mama yake ni Khadija Kopa. Ndiyo, yule yule wa mipasho. Katika kazi zake za mwanzo Zuchu aliimba na mama yake wimbo uitwao Mauzauza, neno la vimbwanga visivyoelezeka, na mwaka huo huo akaimba na bosi wake nyimbo mbili, Cheche na Litawachoma. Tazama jina la pili. Litawachoma nini? Akina nani? Hiyo ni sarufi ya leso, kiambishi kinachomlenga mtu asiyetajwa. Mwaka 2022 wakatoa Mtasubiri, na wakati huo nusu ya Afrika Mashariki ilikuwa inasubiri kuambiwa kama wawili hao ni bosi na msanii wake au ni wachumba. Jina la wimbo lilikuwa ndilo jibu walilopewa.

Hivyo binti alirithi fumbo la mama, ila fumbo limegeuzwa tumbo nje. Kopa alipopasha, kila kitu kilikuwa wazi isipokuwa jina la mpashwaji. Kwa Zuchu na Diamond majina yalikuwa wazi, picha wazi, mikono mabegani wazi. Kilichofichwa ni kimoja tu, kama ni kweli. Swali la 'nani?' lilimpa msikilizaji kazi na hata mali: aliweza kuinuka, kutunza, na kuuchukua ubeti. Swali la 'kweli?' halimpi kitu cha kuchukua. Anabaki na simu mkononi akihesabu pete vidoleni mwa wengine.

Na gharama yake humwangukia nani? Februari 2024 Zuchu aliandika kwenye Instagram kwamba yeye na Diamond hawako pamoja tena. Alifanya kama alivyofanya Zari miaka sita kabla, akawa kiima cha sentensi yake. Lakini mwaka 2018 watu wengi walianza kwa kuamini. Mwaka 2024 wengi walianza kwa kusema, 'Kiki hiyo!' Na kwa kuwa haukupita muda wakaonekana pamoja tena, waliosema hivyo walijiona washindi. Mimi sioni ushindi hapo. Watu hurudiana, hata Mwabungo watu hurudiana, na hakuna anayeandika kwamba machozi ya wiki iliyopita yalikuwa matangazo. Neno kiki limekuwa jepesi mno kumtupia mtu. Limeanza kama neno la kumfichua mfanyabiashara, na sasa ni neno la kumnyamazisha mwanamke anayesema ameumizwa. Mwanamume anayehusika hahitaji hata kujibu, hadhira humjibia.

Wazee wa huku walikuwa na namna ya kuzima kubahatisha, na haikuwa kwa kukataza umbeya, maana hilo haliwezekani. Walikuwa na hatua zenye majina. Kulikuwa na mshenga, barua ya posa, kishika uchumba, mahari, kisha nikaha na mashahidi. Kwa Wadigo, ambao zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba wa binti naye alikuwa na kauli yake, na bila yeye mambo hayakwenda. Kila hatua ilikuwa na mtu wa kuulizwa. Ukitaka kujua kama binti wa fulani kachumbiwa, hukutazama uso wake. Ulikwenda kwa mjomba ukauliza kama barua imejibiwa. Katika mapenzi ya kuonyeshwa, maneno yale yale yanatumika, uchumba, mke wangu, shemeji zangu, bila mtu hata mmoja nyuma yake wa kuulizwa. Meneja anajua tarehe ya wimbo, lakini meneja si mshenga.

Siku hizi hata msichana wa kijijini asiye na wimbo wa kuuza akiweka picha ya pete kwenye WhatsApp, wenzake humuuliza kwanza kama ni kweli au ni kiki. Akisema ni kweli, lazima kuwe na mmoja, mara nyingi mwanafunzi wa shangazi yule, atakayemuuliza: na mshenga ni nani?